Dell OptiPlex 7060 Micro ya mtumba dukani kwetu: uzoefu wangu

Tunauza vipuri vya pikipiki Sinza. Kompyuta zetu za zamani zilikuwa Intel za kizazi cha nne zenye Windows 10, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine mpya zilikuwa juu ya uwezo wetu, kwa hiyo nikaenda Kariakoo kutafuta 7060 Micro ya mtumba, kompyuta ndogo ya Dell yenye prosesa ya kizazi cha nane.

Kuweni makini na namba. 7050 na 7060 zimefanana mno kwa umbo, ila 7050 ni kizazi cha sita au cha saba. Muuzaji wa kwanza alinisisitizia, "Dada, hii ni i5, chukua." Nikamwomba aiwashe, nikabonyeza F2 kufungua BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta) na kusoma jina kamili la prosesa. Ilikuwa 7050. Duka la jirani nikapata 7060 zenye prosesa ya i5-8500T, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Ukiwa hapohapo F2, hakikisha BIOS haina nenosiri la kampuni iliyoitumia mwanzo, maana ukikuta limefungwa utasumbuka sana.

Ninachoipendea zaidi ni umeme. Hii Micro inatumia adapta ya nje kama laptopu, na ya kwetu ni ya wati 65. Kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inaibeba pamoja na skrini na ruta, umeme ukikatika tunamaliza kuandika mauzo na kuzima kwa utaratibu. Zile za zamani zilikuwa zinazimika katikati ya hesabu, na faili la stoo liliwahi kuharibika kwa sababu hiyo. Pia inajibana nyuma ya skrini, na kaunta yetu ni finyu.

Kero zipo. Ya kwetu haina tundu la skrini la VGA wala HDMI, ina la DisplayPort tu, kwa hiyo tulinunua kigeuzi ili tuendelee na skrini zetu. Wi-Fi haikuwepo, tukavuta waya kutoka kwenye ruta. Usumbufu mkubwa ulitoka kwenye adapta. Mojawapo ya mashine tulizonunua ilikuja na adapta isiyo ya Dell, na kila ikiwaka ilitoa onyo kwamba adapta haitambuliki, halafu ikawa nzito hata kufungua Excel. Kijana wetu alidhani ni virusi. Kumbe Dell hupunguza kasi ya prosesa yenyewe isipoitambua adapta. Muuzaji alitubadilishia bila ubishi kwa sababu risiti ilikuwa na namba ya mashine.

Windows waliyoweka dukani niliifuta yote, sikuiamini. Nikapakua ya Microsoft, nikaiweka upya kwa fleshi, na ilipopata intaneti ikajithibitisha yenyewe bila kuniomba namba, maana leseni ya mmiliki wa kwanza imefungamana na mashine. Msikubali kuwekewa ya kuchakachua kwenye kompyuta inayobeba madeni ya wateja wenu.

Kwa duka la watu wawili watatu naipendekeza bila kusita. Kwa anayehariri video haifai, kadi ya picha ni ileile ya ndani ya prosesa.