Tofali lipi ununue kwa nyumba ndogo Mwanza, ukitaka na mboga dirishani

Kama kiwanja chako kiko Buhongwa, Kisesa, Buswelu au Usagara na unawaza vyumba viwili na sebule, jibu fupi ni hili: tofali za kufungamana za udongo na saruji, juu ya msingi wa mawe. Nafasi ya pili naipa tofali ya kuchoma, ya tatu bloku (tofali za saruji na mchanga), na ya mwisho tofali mbichi, zile za udongo zisizochomwa. Bei sizitaji, maana bei ya tripu ya mchanga leo siyo utakayoikuta mwezi ujao. Piga hesabu kwa mita ya mraba ya ukuta, usipige kwa tofali moja moja.

1. Tofali za kufungamana

Udongo wake unachimbwa palepale au jirani, hazichomwi, na kozi (safu za tofali) zinashikana zenyewe, kwa hiyo saruji ya kujengea ni kidogo sana na nje unaweza kuacha bila plasta. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Zile za sm 30 kwa 15 kwa 10, mita moja ya mraba inakula 33 au 34.

Kinachoziharibu ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaonasa magari masika na kupasuka nyufa kiangazi, haufai hata kidogo, na mabonde ya Usukumani yamejaa huo. Tafuta mwekundu wenye mchanga. Jaza chupa nusu udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho yake. Mchanga utakuwa umetuama chini na mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi nusu, endelea.

Halafu kuna ujanja wa saruji. Mfyatuaji akikwambia, "Bosi, mfuko mmoja natoa mia na hamsini," piga hesabu hapohapo. Tofali hilo lina kilo nane na nusu hivi. Mia na hamsini kwa mfuko wa kilo 50 maana yake saruji haifiki hata asilimia 4 ya uzito. Chini ya asilimia 5 usikubali. Chukua msumari, ukwaruze ubavu wa tofali lililokwisha kukauka. Zuri linabaki na mstari mwembamba. Bovu linamwaga unga mwekundu na msumari unazama. Jingine lizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi ubonyeze kona zake kwa kidole gumba. Kona ikimeguka, ondoka. Uliza pia zilifunikwa nailoni na kumwagiliwa kwa muda gani: wiki moja ndiyo kiasi cha chini, na kabla ya siku 28 usizipandishe ukutani.

2. Tofali za kuchoma

Zinavumilia mvua kuliko zote za udongo, na kila fundi anazijua. Tatizo lipo kwenye tanuru: kuni. Nunua zilizochomwa kwa pumba za mpunga, ukizipata. Gonga mbili, zikilia kwa sauti kali zimeiva, zikitoa sauti nzito na rangi imepauka, zilikuwa pembeni ya tanuru. Saizi zinatofautiana mno kati ya mfyatuaji na mfyatuaji, hivyo utalipia plasta nene kuficha mawimbi ya ukuta.

3. Bloku

Haraka na rahisi kupata, basi. Zinakula saruji na mchanga, na mchana chini ya bati bila dari chumba kinachemka. Kwa kiwanja cha udongo wa mbuga, hata hivyo, ningechagua hizi kabla ya kusafirisha udongo kutoka mbali.

4. Tofali mbichi

Zinafaa kwa jiko la nje au kuta za ndani. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo bila upenu wa walau sm 60 na msingi uliopanda juu ya ardhi, ukuta unaliwa kuanzia chini.

Mawe hayamo kwenye orodha kwa sababu kwa msingi hayana mpinzani. Mji wenyewe umekaa juu ya miamba. Kwa ukuta mzima, gharama ya fundi na unene wake vitakumaliza. Na ukiuziwa kiwanja kando ya maji kwa bei ya kutupa, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni, na mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita rekodi ya 1964.

Mboga ndani ya nyumba

Hapa wauzaji watakuonyesha mabomba ya plastiki ya kupandia mboga, yenye pampu ya kuzungusha maji. Achana nayo kwanza. Umeme ukikatika mchana kutwa, mizizi inakauka. Ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, zikiwa juu ya sinia, zinatosha, na sinia ni lazima kwa ukuta wa udongo usinyonye maji. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la saa sita linapiga paa na haliingii ndani, hivyo dirisha la mashariki ndilo lenye faida. Mwambie fundi akutolee rafu ya zege ya sm 30 chini yake wakati wa kujenga, kabla hujachelewa. Chainizi, vitunguu vya majani na giligilani vitakubali hapo. Nyanya na pilipili zitarefuka tu zikitafuta mwanga.

Maji ya kumwagilia yako juu ya paa: bati la mita 40 za mraba hukusanya kama lita 32,000 kwa mwaka hata ukitoa moja ya tano inayopotea. Paa la nyasi ni zuri kwa ubaridi, lakini gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) haitakufaa kitu.

Kona yenye giza weka uyoga mamama. Unaota kwenye mabua ya mpunga au maganda ya mbegu za pamba yaliyochemshwa, vitu ambavyo kanda hii haivikosi. Uweke stoo yenye dirisha la kupitisha hewa, siyo chumba cha kulala: ukikomaa, vumbi lake linakera kifua.