Bunduki ya Upepo kwa Kunguru na Panya: Ipi Inamfaa Mkazi wa Tanga, na Itunzwe Vipi

Mtu wa Tanga anayefikiria kununua bunduki ya upepo kwa kawaida ana maadui wawili: kunguru mweusi anayenyakua vifaranga uani, na panya anayetoboa magunia ghalani. Kwa kazi hizo mbili, ndani ya umbali wa mita 20 hadi 30, bunduki hii inafaa kweli, kwa sharti kwamba mnunuzi achague ile itakayovumilia hewa ya chumvi na ambayo risasi zake ataendelea kuzipata mwaka wa tatu baada ya kuinunua. Mengine yanayosifiwa juu ya maboksi, hasa kasi ya risasi, mimi nayaweka nyuma ya hayo mawili.

Safari ya ununuzi ianzie kituo cha polisi, si dukani. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na askari anayeshughulikia vibali ndiye atakayekueleza aina unayoitaka inahitaji nini, itahifadhiwa vipi na itatumiwa wapi. Usitoe hata shilingi ya utangulizi, wala usiagize kutoka nje, kabla ya kupata jibu hilo. Kadhalika, kima, tumbili na nyani wanaosumbua mashamba ya Muheza wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009; malalamiko juu yao hupelekwa kwa ofisa wanyamapori, na risasi ndogo ya upepo ingewajeruhi tu na kuwaacha wakiteseka.

Hata kunguru wanatofautiana. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akaenea pwani nzima. Yule mwenye kifua cheupe ni wa kwetu, naye aachwe. Kunguru mweusi ni mwerevu mno, kiasi kwamba ukimwangusha mmoja hadharani, kundi litapiga kelele na kesho yake litakukimbia hata ukibeba fimbo ya ufagio. Na panya, wakiwa wengi, mitego na kuziba matundu hushinda bunduki yoyote nitakayoitaja hapa.

Bunduki hizi huja katika vipimo viwili vikuu vya mtutu, milimita 4.5 na milimita 5.5. Risasi ya 4.5 ina uzito wa takriban nusu gramu na huruka karibu kwa mstari ulionyooka. Ile ya 5.5 inakaribia gramu moja, huenda polepole zaidi na kuinama mapema, lakini humwangusha mnyama mara moja badala ya kumtoboa na kumwacha akafie darini. Kwa kunguru na panya mkubwa nachagua 5.5 bila kusita. Nguvu ya jouli 16 (jouli ni kipimo cha nishati ya risasi inapotoka mtutuni), ambayo huko England na Wales ndiyo kikomo cha bunduki ya upepo isiyohitaji cheti maalumu, inatosha kabisa. Maboksi yanayojigamba kwamba risasi huenda mita 360 kwa sekunde yanapaswa kukutia shaka, kwa kuwa takwimu hiyo kwa kawaida hupatikana kwa risasi nyepesi mno, na risasi inayokaribia kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, huyumba na kutoa mlio unaoamsha mtaa mzima.

Nafasi ya kwanza naipa bunduki ya springi inayokokiwa kwa kukunja mtutu. Ukiukunja, springi nzito inabanwa nyuma ya pistoni. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele na kuishindilia hewa inayoisukuma risasi. Haihitaji pampu wala chupa ya gesi, na ukiwa na kopo la risasi una kila kitu. Mwenye uwezo atafute ya Kijerumani, kama vile Diana, kampuni iliyoanzishwa mjini Rastatt mwaka 1890, ambayo bunduki zake za zamani bado hufanya kazi katika nyumba nyingi duniani. Kasoro ya springi ni kwamba hutikisika pande mbili, nyuma kisha mbele, hivyo ukiikaba kwa nguvu inakwenda inakotaka. Ishikwe kwa ulegevu, kama ubebavyo yai, na kiganja kikae mahali palepale kila mara. Mtikisiko huohuo huvunja darubini za bei nafuu, na hata darubini imara ya bunduki ya baruti inaweza kuharibika, kwa sababu haikuundwa kuhimili kishindo cha kwenda mbele. Kwa mita 20, vilengeo vya chuma vinatosha.

Ya pili ni ile inayofanana nayo kwa nje, lakini ndani ina silinda ya gesi badala ya springi. Ni laini zaidi na haichoki ikiachwa imekokiwa kwa muda. Naishusha nafasi moja kwa sababu silinda ikivuja hairekebishwi, hubadilishwa nzima, na kuipata hapa ni kusubiri mzigo kutoka mbali.

Bunduki ya tangi, inayojazwa hewa hadi kufikia baa 200 au zaidi (baa ni kipimo cha shinikizo), ndiyo yenye shabaha bora kuliko zote, na haitikisiki hata kidogo; kama ningekuwa naandikia mji wa bara wenye hewa kavu na duka la vipuri, ningeiweka ya kwanza. Hapa Tanga naiweka ya tatu. Tairi la gari hubeba baa mbili na kitu, kwa hiyo pampu ya baiskeli haina kazi hapa: utahitaji pampu maalumu ya mkono, inayotoa jasho kwelikweli, au mtungi wa wazamiaji. Pampu ya mkono ikitumika katika hewa ya pwani huingiza unyevu ndani ya tangi, na unyevu huo huanza kula vali polepole pasipo mtu kuona.

Zile za kusukuma kwa mkono mara kadhaa kabla ya kila risasi ni za nne. Zinafaa kwa panya, lakini kunguru hatakusubiri. Za mwisho ni zile za vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi vya gramu 12. Shinikizo la gesi hiyo hutegemea joto, na ikizidi nyuzi 31, jambo la kawaida kwetu mwezi Februari, haibaki tena katika hali ya kimiminika, hivyo mpigo wa asubuhi haufanani na wa adhuhuri, na ikianikwa juani vali inaweza kugoma kufunguka.

Anayenunua iliyotumika aangalie kwanza alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Alama hiyo ya Ujerumani humaanisha kwamba bunduki ilitengenezwa isizidi jouli 7.5, nguvu inayotosha kutoboa karatasi za mazoezi na panya wa karibu, si kunguru wa juu ya mnazi. Kisha atikise mtutu ukiwa umefungwa. Ukicheza kushoto na kulia, muungano umelegea. Aweke kipande cha karatasi laini juu ya muungano huo na kufyatua risasi kwenye mfuko wa mchanga: karatasi ikipeperuka, mpira wa kuzuia hewa umekwisha. Wakati wa kutia risasi, mkono mmoja uushike mtutu muda wote, kwani ukijifyatua wenyewe hukata kidole.

Sasa utunzaji, ambako bunduki nyingi za pwani hufia. Baba yangu mdogo aliipaka yake mafuta ya nazi kwa miaka miwili akiamini anaitunza. Mafuta yaligeuka gundi, gundi ikashika vumbi, na chini ya vumbi chuma kikala kutu hadi kwenye kifyatuo. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa kwa chuma cha nje, yakipakwa kwa kitambaa kila baada ya matumizi, maana jasho la kiganja lina chumvi kama ya baharini. Lakini mafuta hayo yasiingie kamwe ndani ya silinda, yaani chumba ambamo pistoni hukimbia. Pistoni inaposhindilia hewa, tone la mafuta huwaka kama katika injini ya dizeli; utasikia mlipuko na kuona moshi, na ukirudia, utapasua mpira na kuvunja springi. Ndani hutumika mafuta ya silikoni peke yake, tone moja, tena kwa nadra.

Usifyatue bila risasi, kwa sababu pistoni itagonga chuma kwa chuma. Usiiache imekokiwa ukisubiri kunguru arudi. Skrubu za kitako hulegea kwa mtikisiko, hivyo kazakaza kila baada ya risasi mia mbili tatu, na shabaha ikiharibika ghafla anzia hapo kabla ya kulaumu mtutu. Mtutu usafishwe kwa kamba na kitambaa, kuanzia upande wa kutilia risasi, si kwa fimbo ya chuma. Mfuko wa ngozi au wa sponji huvuta unyevu; afadhali kabati kavu lenye kufuli, mbali na watoto, na risasi zikae kabati jingine.

Risasi ni madini ya risasi, jina lenyewe linasema, na ni sumu, kwa hiyo osha mikono kabla ya kula, na mzoga uzikwe usije ukaliwa na paka. Nunua zenye kichwa cha mviringo, na ukipata aina inayokaa ndani ya mfuniko wa chupa ya soda kwa risasi tano kutoka mita 20, chukua makopo kadhaa ya aina hiyohiyo. Bila kufikia kipimo hicho usimlenge kiumbe hai. Nyuma ya shabaha pawe na udongo au gogo laini kila mara: ukuta wa matumbawe hurudisha risasi usoni, na ile iliyokosa kunguru mtini inaweza kusafiri mita 300 na kuangukia ua wa jirani.