Mtoto aanzie wapi: Makumbusho ya Taifa au Kijiji cha Makumbusho?

Kwa historia ya kale, mpeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, mwonyeshe na Olduvai ilipo kwenye ramani. Shida ni vioo: mtoto mdogo huchoka kutazama asichoweza kushika.

Kule Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, anaingia ndani kabisa ya nyumba za jadi. Msonge wa Wahaya umeezekwa nyasi toka kileleni hadi chini; nyumba ya tembe ya Wagogo ina paa bapa la udongo. Hapo atauliza mwenyewe, mbona huku hivi, kule vile? Mwambie Bukoba kwa Wahaya mvua ni nyingi, Dodoma kwa Wagogo ni kukavu. Wangu wa miaka 6 aliinama mlangoni akanong'ona, "Hodi." Kwa umri huo, mimi naanzia kijijini.