Jefferson Long na Effingham Lawrence: Wabunge Wawili wa Muda Mfupi

Wote wawili waliingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani miaka michache baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na wote walitoka kabla viti havijapata joto. Lawrence, mwenye shamba kubwa la miwa huko Louisiana na mfuasi wa chama cha Democratic, alishinda pingamizi la uchaguzi na kuapishwa tarehe 3 Machi 1875, siku ya mwisho ya muhula wa Bunge la wakati huo, hivyo akawa mbunge kwa siku moja tu. Zaidi ya ufupi huo, ubunge wake hauna mengi ya kusimulia.

Long, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1836 na baadaye akawa fundi cherehani mjini Macon, alihudumu kwa tiketi ya Republican kuanzia Januari hadi Machi 1871. Tarehe 1 Februari alisimama kupinga muswada wa kuwalegezea kiapo cha utii kwa Marekani waliokuwa waasi wa majimbo ya Kusini katika vita hivyo, akawa mbunge mweusi wa kwanza kuhutubia baraza hilo. Muswada ulipita hata hivyo, ingawa kwa maoni yangu hotuba hiyo moja inawazidi wengi waliokaa miaka mingi wakiwa kimya. Georgia haikuchagua mbunge mwingine mweusi hadi 1972, aliposhinda Andrew Young.