Albamu za a-ha: Ipi Ununue, Ipi Uache, na Kwa Nini Ugeuze Jalada Kabla ya Kutoa Hela

Kila nikigusia a-ha hapa, ile bendi ya pop ya Norwei, malalamiko yanayonijia ni yale yale. Mmoja ananiandikia: "Dada, nimeagiza CD yao ili nipate wimbo wa Take On Me, naiweka, nasikia piano peke yake na mtu anaimba kama yuko msibani." Mwingine kanunua mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 80, jina la wimbo ni lenyewe, ila wanaoimba ni watu wengine kabisa waliokodiwa studio waige. Wa tatu ndiye aliyenifanya nikae niandike. Yeye anayo albamu halali ya Hunting High and Low, haina mkwaruzo, na bado analia kwamba wimbo uliobeba jina la albamu siyo ule aliouzoea redioni. Alishaanza kumtukana muuzaji kwamba kampiga feki. Hakupigwa feki. Amenunua kitu sahihi chenye miksi tofauti, yaani sauti na vyombo vimechanganywa kwa namna nyingine, na hakuna aliyemwambia.

Sitakupotezea muda na idadi ya nyimbo, hali ya jalada au kama santuri imekunjika. Hayo unayaona kwa macho yako. Kwa bendi hii kuna jambo moja ambalo wanunuzi karibu wote wanalipita: ni toleo gani la wimbo limo ndani. Morten Harket, Magne Furuholmen na Paul Waaktaar-Savoy walianza pamoja Oslo mwaka 1982, na tangu kampuni ya Warner iwachukue wamekuwa na tabia ya kurekodi wimbo, kuutoa, kuurudia, kisha kuupeleka kwa mtu mwingine auchanganye upya kabla haujatoka peke yake sokoni. Matokeo yake nyimbo zao kubwa zina sura mbili, tatu, nyingine hata nne, na jalada la mbele halikwambii lolote.

Take On Me ndiyo mfano mkubwa. Ilitoka kwanza mwaka 1984 ikiwa imetayarishwa na Tony Mansfield, na Uingereza haikwenda popote. Ikarekodiwa upya na Alan Tarney, ikapewa ile video ya Steve Barron ya michoro ya penseli, na Oktoba 1985 ikashika namba moja Marekani. Uingereza iliishia namba mbili. Kisha mwaka 2017 wakaipiga polepole kwenye tamasha la kisiwani Giske lisilo na sintesaiza (kinanda cha umeme), na hiyo ndiyo iliyosikika kwenye filamu ya Deadpool 2. Kwa hiyo kuna Take On Me ya Mansfield, ya Tarney na ya kisiwani, bila kuhesabu rimiksi ndefu za disko. Muuzaji anayeandika "ina Take On Me" hajakueleza kitu.

Twende kwenye mpangilio wangu. Ni wangu, siyo wa chati.

1. Scoundrel Days (1986)

Najua ulitarajia ile ya kwanza. Naanza na hii kwa sababu ndiyo albamu yao unayoweza kuinunua ukiwa umefumba macho na bado ukapata kile ulichokiendea. I've Been Losing You na Cry Wolf, ukizisikia ndani ya albamu hutashtuka. Inayohitaji tahadhari ni Manhattan Skyline, ambayo ilipotoka peke yake ilifupishwa. Kwenye albamu ipo nzima, inaanza kwa upole halafu gitaa linaingia kwa hasira, na ukiipunguza unakuwa umeinyang'anya sababu ya kuwepo. Ndiyo maana mtu akiniambia anaijua Manhattan Skyline kutoka kwenye mkusanyiko, namwomba aisikilize tena.

Kingine, hii ndiyo albamu inayokata mzizi wa fitina kwa wanaodhani a-ha ni bendi ya sura nzuri na wimbo mmoja. The Swing of Things, The Weight of the Wind, Soft Rains of April: hawa ni watu wenye baridi mifupani, na wanajua kuiimba. Upande wa kwanza wa santuri haulegei hata dakika moja. Wa pili unalegea kidogo kwenye Maybe, Maybe, nawasamehe.

2. Hunting High and Low (1985), lakini iwe ya Rhino

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Albamu ya kawaida ina nyimbo kumi. Take On Me iliyomo ni ile ya Tarney, kwa hiyo hapo uko salama. The Sun Always Shines on T.V. iliyoshika namba moja Uingereza Januari 1986 imo pia, nayo ni ya Tarney. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni kazi ya Mansfield, na ndimo mtego ulimo. Train of Thought uliyoisikia redioni ilichanganywa upya na Steve Thompson na Michael Barbiero kwa ajili ya singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake. Ya kwenye albamu ni nyembamba zaidi. Hunting High and Low yenyewe ilipotoka kama singo mwaka 1986 iliongezewa okestra. Ya kwenye albamu imetulia, sauti ya Harket iko mbele na peke yake. Mimi naipenda hiyo iliyotulia. Lakini kama wewe ulikulia na ile yenye okestra, albamu ya kawaida itakuacha na njaa, na utamlaumu muuzaji asiye na kosa.

Dawa ni toleo la CD mbili lililotolewa mwaka 2010 na Rhino, kampuni inayotoa upya albamu za zamani. Mimi ni mtu wa Rhino na sifichi; hawanilipi, wala hawajui kama nipo. Nawapenda kwa jambo moja: wanaandika. Geuza jalada, utaona demo (rekodi ya majaribio) imeitwa demo, toleo refu limeitwa toleo refu, miksi ya singo imeitwa kwa jina lake. Unapata albamu kama ilivyokuwa, unapata rimiksi, na diski ya pili imejaa rekodi za awali, pamoja na Lesson One, ambayo ni Take On Me kabla haijajijua. Ukiisikia utaelewa kwa nini walilazimika kuirudia mara zote zile. Scoundrel Days nayo walikuwa wameifanyia hivyo hivyo mwaka huo huo. Albamu tatu zilizofuata zikafuata mwaka 2015.

Mwaka huo wa 2015 kulitoka pia sanduku kubwa la Hunting High and Low la CD nne na DVD, likiwa na miksi za mwanzo ambazo hazikutumika. Ni zuri. Ila usilinunue kama huna hakika kwamba utakaa chini kulinganisha ngoma za miksi moja na nyingine. Mimi nakaa. Mume wangu hutoka chumbani.

Santuri? Kama unataka ya zamani, tafuta za Ulaya za enzi ile zenye namba ya katalogi 925 300-1. Zilitengenezwa nyingi kwa sababu albamu iliuzwa sana, kwa hiyo mtu asikuambie ni adimu. Neno "adimu" siku hizi wauzaji wa mitumba ya muziki wanaliweka kwenye kila kitu, kama pilipili kwenye mishkaki. Albamu iliyouzwa mamilioni haiwezi kuwa adimu, na bei ya adimu ukiilipa umejitakia.

3. Minor Earth Major Sky (2000)

Baada ya albamu yao ya Memorial Beach walipoteana miaka kadhaa, kila mtu na kazi zake, hadi tamasha la Tuzo ya Nobel ya Amani la mwaka 1998 lilipowarudisha jukwaani. Summer Moved On ilizaliwa humo, na ndiyo ile ambayo Harket anaishikilia noti moja kwa takriban sekunde ishirini. Wimbo wa jina la albamu ulifanyiwa rimiksi ulipotoka kama singo, kwa hiyo onyo langu ni lile lile. Na Velvet waliichukua kutoka Savoy, bendi ya Waaktaar-Savoy na mkewe. Kuna wanaonunua albamu hii wakidhani ni wimbo mpya, halafu wanakutana na ule wa mwanzo na kuanza kubishana upi ni wa kweli. Yote ni ya kweli.

Hii ni albamu ya zama za CD, nyimbo 13, ndefu. Inunue kwa CD. Ukiitaka kwa santuri utalipia diski mbili na kugeuza mara tatu, na bei wanayoiweka juu yake kwangu haieleweki.

4. Stay on These Roads (1988)

Ningeiweka juu kama si The Living Daylights. Wimbo huu wa filamu ya James Bond ya 1987 Waaktaar-Savoy aliuandika pamoja na John Barry, na watu wanaponunua albamu wanadhani wanapata ule wa filamu. Siyo huo. Hapa wameufanya upya kwa namna yao. Ukitaka wa filamu, nunua muziki wa filamu. Touchy! na You Are the One nazo zilibadilishwa kwa ajili ya singo, hivyo albamu hii ina nyimbo tatu zinazoweza kukuchanganya kwa mpigo. Wimbo wa kwanza, ule wa jina la albamu, haujawahi kunichosha.

5. East of the Sun, West of the Moon (1990) na Memorial Beach (1993)

Naziweka pamoja kwa sababu wanaozipenda huzipenda pamoja. Ya kwanza ina Crying in the Rain, wimbo wa Carole King na Howard Greenfield ambao Everly Brothers waliuimba mwaka 1962. Wengi hawajui kwamba si wa a-ha. Ya pili ilirekodiwa Paisley Park, studio ya Prince huko Minnesota, na inasikika hivyo: gitaa nzito, giza, hakuna haraka. Kama unapenda a-ha ya sintesaiza, sikiliza kwanza kabla ya kununua.

Nyingine kwa ufupi

Lifelines (2002) ina nyimbo 15, na tano zingeweza kubaki kabatini. Analogue (2005) ni bora kuliko watu wanavyokumbuka. Graham Nash anaimba nyuma kwenye Cosy Prisons. Foot of the Mountain (2009) inarudi kwenye sintesaiza na inafaa kwa aliyeishia mwaka 1988. Cast in Steel (2015) ni ya wapenzi wakubwa. True North (2022) waliirekodi Bodø, juu ya Mzingo wa Aktiki, pamoja na okestra ya Arctic Philharmonic, na hiyo isikilize usiku. Ile ya polepole iliyomliza msomaji wangu ni MTV Unplugged: Summer Solstice, iliyorekodiwa kisiwani Giske mwaka 2017. Ni nzuri sana. Tatizo ni kuinunua ukidhani ni kitu kingine.

Mikusanyiko

Headlines and Deadlines ya 1991 ni ya kuanzia, kwa sababu inachukua njia ya singo. Yaani mtu wa redio, yule msomaji wangu wa tatu, mkusanyiko huu ndio unaomfaa kuliko albamu yenyewe. Time and Again ya 2016 inakwenda mbali zaidi kwa miaka, na ina diski nzima ya rimiksi. Ukikutana nayo bila diski ya pili, acha.

Za bei ya chini

Diski za "nyimbo bora za miaka ya 80" zenye wasanii mchanganyiko: rahisi huvunja upishi. Kama nyuma hakuna mwaka wala jina la kampuni iliyotoa ruhusa, hao ni waigaji. Flashi zilizojaa nyimbo sizijadili.

Kuhusu wauzaji

Sasa nitoe langu la moyoni. Wauzaji wa mtandaoni wanapiga picha jalada la mbele tu. Mbele kuna sura tatu nzuri, na kwa sura hizo wanauza. Maandishi yote ya maana yako nyuma, na nyuma hawapigi. Ukiwaomba picha wanakujibu kama umewaomba figo. Ninayo CD niliyoiagiza kutoka Ulaya kwa muuzaji mmoja aliyeandika "toleo maalumu", nauli ikazidi bei ya CD yenyewe, forodha wakataka chao, na ndani ikawa ya kawaida kabisa ikiwa na stika ya dhahabu aliyoibandika mwenyewe. Alinijibu kwamba stika ndiyo umaalumu. Halafu kuna hawa wa santuri za rangi, bluu ya barafu, nyeupe ya theluji, muziki ule ule, bei imepanda kwa sababu ya rangi, na hata hawasemi imetokana na rekodi ipi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji vitu viwili: picha ya nyuma inayosomeka, na dakika za Train of Thought na Hunting High and Low kama zilivyoandikwa. Linganisha na orodha ya albamu halisi, na angalia kama kuna neno "remix", "edit" au "live" baada ya jina la wimbo. Akikuletea, zungumzeni bei. Akikujibu "ni original, dada", hajageuza jalada, tafuta mwingine.