Kabla hujalipia ramani ya "kontemporari", uliza maji yanapita wapi

Masika iliyopita niliamka saa tisa usiku, maji yanachuruzika kutoka kwenye jipsamu ya sebuleni. Nyumba haina hata miaka miwili. Asubuhi fundi akapanda juu, akashuka na nusu ndoo ya majani ya mwembe yaliyooza. Gata, yaani mfereji wa maji ya paa, ilikuwa imeziba.

Ramani ya nyumba niliinunua kwa kupenda picha: kuta nyeupe zilizonyooka, paa halionekani. Wauzaji huchanganya "modern" na "kontemporari" wanavyotaka. Modern ni mtindo wa karne iliyopita, ulioshika kasi miaka ya 1920. Villa Savoye, karibu na Paris, ilikamilika 1931 ikiwa na paa bapa, na ilivuja hadi wenye nyumba wakalalamika. Kontemporari ni ujenzi wa leo, unaochanganya chochote. Huku kwetu maana yake imebaki moja tu, paa la kuficha, yaani bati lililojificha nyuma ya ukuta.

Vyumba na rangi utachagua mwenyewe. Mimi naangalia gata. Paa la kawaida likizidiwa, maji humwagika bustanini. Paa la kuficha gata yake iko ndani ya ukuta, kwa hiyo ikizidiwa, maji yanaingia kwako.

Namba moja kwangu ni paa la miteremko minne lenye vibaraza vipana. Kuta hazilowi, na dirisha unaacha wazi mvua ikinyesha. Pili, mchanganyiko: mbele ukuta wa kuficha, nyuma bati linamwaga nje. Tatu ndiyo kontemporari kamili, na uikubali tu kama mchoro unaonyesha gata ya kutosha mtu kukanyaga akisafisha, matundu ya kutolea maji yasiyopungua mawili, na bomba la akiba linalotokeza nje ukutani. Zege bapa ni la mwisho. Ramani za bure za WhatsApp sizijadili.

Bati nunua la kampuni ya ALAF, geji 28. Sibadilishi. Geji 30 ni nyembamba zaidi, na juu ya paa la kuficha fundi atatembea kila msimu.

Nilimpigia aliyeniuzia nikamwomba mchoro wa gata. Akasema mchoro wa paa unauzwa kando. Kando ya nini? Mimi nililipia nyumba nzima, na bei aliipanga kwa idadi ya vyumba. Hakuniambia hata siku moja kwamba paa halimo.