Unga wa kuvu na sukari yake: nyanya zimenifurahisha, duka limenipandisha presha

Mnisamehe, naandika bado nina hasira. Shamba letu liko huku Mambrui, maji ya kisima ni chumvi hata chai haipikiki, na jua likikolea udongo unaota weupe juu kama mtu kamwaga unga. Miche inaungua ncha za majani, inadumaa, basi. Nikauziwa Malindi mjini paketi mbili, eti zisaidie mimea kuvumilia chumvi, moja unga wa kuvu wa kukaa na mizizi, nyingine sukari inaitwa trehalosi ya kupulizia majani. Baba watoto alicheka mpaka akakohoa, eti ukungu si ndio tunaununulia dawa kila siku, leo unaupeleka shambani mwenyewe na sukari juu, kwani mboga zinakunywa chai?

Na nilimuuliza yule kijana wa duka kabisa, mwanangu hii inafaa sukuma wiki? Akasema inafaa kila mboga mama. Nikatia. Wiki zikapita, ncha zile zile zimeungua. Nikarudi, namkuta anakula viazi karai, ukwaju unamdondokea kaunta, macho kwa simu, ananijibu bila kuinua kichwa, "Mama, itakuwa hukusoma maelekezo." Mbele ya wateja! Na paketi zenyewe kazipanga dirishani jua la saa nane linazipiga, jamani kile ni kitu hai, kikichemka kinakufa.

Bwana shamba ndio akanifumbua macho: sukuma na kabeji haziungani na kuvu hii kabisa, mchicha pia. Nyanya, biringanya, pilipili, kitunguu ndio zinaipokea, yenyewe inatandaza nyuzi kule mzizi usikofika, inauletea maji na fosforasi, na mmea unailipa sukari. Akaniuliza, DAP, ile mbolea ya fosforasi, umeweka? Nimeweka, tena ya kushiba. Akacheka. Mmea ukishajaa fosforasi unamfukuza mgeni.

Kwa hiyo kosa kidogo langu pia, haya.

Unga uliobaki nilikuwa nimeuficha nyuma ya mtungi, kwa uchoyo tu. Msimu uliofuata nikautia kwa mashimo ya nyanya, kijiko kijiko, uguse mizizi, samadi bila DAP, matuta mengine nikayaacha hivi hivi. Wallahi nilisimama pale asubuhi nikaita watu. Yenye unga kijani, wenzao washakunja majani kama wanaona baridi. Chumvi iko pale pale, haijaondoka, ila nyanya zimevumilia na nimeuza. Sukari nilipulizia mara mbili nikachoka, hiyo siisemei.

Nilitaka kutoa nyota moja, nikafika nne, sasa nimekumbuka ule ukwaju narudi mbili. Unga nitanunua tena. Pale pale, maana kwingine sijauona, ila nitamtuma mtoto, na nimemwambia asichukue ya dirishani.